Posho ya mbunge ianze kulipwa lini?

Juzi barazani, hapa Tanga, Ngamiani barabara ya 12, mzee mmoja mstaafu wa bandari alinisogezea kikombe cha kahawa akaniuliza: "Wakili, kwani hakuna sheria ya kuwazuia wabunge wasijipangie posho?" Nilimjibu juujuu, kashata ikiwa mdomoni, na niliona hakuridhika. Jibu refu ni hili.

Ibara ya 73 ya Katiba yetu ya 1977 inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Hata viwango vikipitia serikalini, bajeti ya kuvilipia inarudi kupitishwa na walewale watakaolipwa.

Malipo yenyewe watu huyachanganya. Posho ya kujikimu ni ya kula na kulala ukiwa nje ya kwako. Mbunge wa Tanga akiwa Dodoma hawezi kulala viwanja vya Bunge, kwa hiyo posho hiyo sina ugomvi nayo. Yenye kelele ni posho ya kikao: mtu analipwa kwa kukaa kikaoni, kazi ambayo mshahara umeshailipia. Halafu kuna kiinua mgongo Bunge linapovunjwa, chini ya sheria ya mafao ya viongozi wa siasa ya 1999.

Mwaka 2011 Zitto Kabwe, akiwa mbunge, aliikataa posho ya kikao kwa barua. Kabla mwaka haujaisha, tukasikia imepanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na Spika Anne Makinda akaitetea kwa kusema maisha ya Dodoma yamepanda. Mzee wangu wa barazani anazikumbuka tarakimu hizo kuliko za pensheni yake.

Tangu hapo kila pendekezo la kuwabana wabunge linagombana na kiasi: ipunguzwe, ifutwe. Mimi ningeanza na tarehe. Marekani wana kifungu kifupi kwenye katiba yao, Marekebisho ya 27: sheria inayobadilisha malipo ya wabunge haianzi kazi mpaka uchaguzi upite katikati. Kilipendekezwa 1789, kikaidhinishwa 1992. Zaidi ya miaka 200! (Sisi tunalalamika miswada yetu inachelewa.) Ukipandisha, unampandishia atakayekuja, na kabla ya kuionja unakwenda kwanza kwa wapiga kura.

Ila kifungu kikitaja mshahara peke yake, pesa itapita mlango wa uani. Kenya wana tume ya mishahara iliyowekwa na Katiba ya 2010, na wabunge hawajipangii mshahara. Mwaka 2019 wakaanza kulipwa posho ya nyumba, shilingi 250,000 za Kenya kwa mwezi, bila ridhaa ya tume hiyo. Desemba 2020 Mahakama Kuu ikasema posho hiyo ni haramu. Kwa hiyo mimi ningeandika hivi: "nyongeza ya mshahara, posho, mkopo, mafao au nafuu yoyote inayolipwa na fedha za umma itaanza katika Bunge linalofuata." Neno "nyongeza" nimelichagua makusudi. Kifungu cha Marekani kinazuia mabadiliko yote, hata punguzo. Sioni kwa nini punguzo lisubiri uchaguzi.

Jana nilimsomea mzee rasimu hiyo. Akaisikiliza yote, akasukuma kikombe.

"Na aliyepandisha akichaguliwa tena?"

"Atakula, mzee wangu. Lakini atakuwa amepita hapa barazani kwanza kuomba kura, na wewe unazo tarakimu."

"Tanga waja leo waondoka leo," akasema. "Huyo tutamwuliza kabla hajamaliza kahawa."