Je, wajua nyota husaidia kusafisha picha yao wenyewe?

Mwishoni mwa Januari, kama saa nne usiku, nyota tatu za mkanda wa kundinyota la Jabari (Orion) hupita utosini kwa mtu aliyesimama Kasese, magharibi mwa Uganda. Ikweta iko hapo jirani, na mkanda huo nao umekaa karibu kabisa na ikweta ya anga. Usiku mmoja wa namna hiyo umeme ulikatika, giza likawa zuri, nikatega kamera uani: stendi ya miguu mitatu, lenzi ya milimita 50, picha 200 za sekunde 3 kila moja. Ile ya mwisho ilipoingia, betri ikazima.

Kwa wapiga picha za nyota, hapo kazi huwa bado. Mtu hufunika lenzi na kupiga picha za giza, za muda uleule na katika joto lilelile, aone kamera inajizulia nini pasipo mwanga. Hupiga nyingine za upesi kabisa, kifuniko kikiwa bado mahali pake, apate chenga za mitambo yenyewe. Alfajiri hufunga fulana nyeupe mbele ya lenzi na kuielekeza kwenye anga tupu, ili apate picha inayoonyesha pembe zilivyofifia na vumbi lilipotua. Programu hutoa zile za giza, kisha hugawanya kwa ile ya fulana. Mimi sikuwa na hata moja.

Kilichoniokoa ni mzunguko wa dunia.

Nilikuza picha ya kwanza. Kando ya Betelgeuse, nyota nyekundu ya Jabari, kulikuwa na kitone chekundu cha kung'aa, ungedhani ni nyota. Nikafungua ya 100: kitone kipo palepale, kwenye pikseli (nukta ya picha) ileile, lakini Betelgeuse imeshajiendea magharibi. Anga huhama nyuzi 15 kwa saa. Kwa lenzi yangu, na kihisi (kile kibamba cha kamera kinachopokea mwanga) chenye pikseli za mikroni 4, hiyo ni karibu pikseli moja kila sekunde. Mpaka picha ya mwisho, dakika kumi na kitu baadaye, nyota ilikuwa imehama pikseli zaidi ya 600. Kasoro haikusogea hata moja.

Siril au DeepSkyStacker, programu za bure zote mbili, zinapopandanisha picha hufuata nyota. Husogeza kila picha mpaka Betelgeuse zote 200 zilaliane, na sasa kasoro ndiyo inayotangatanga. Kila nukta ya anga ina mashahidi 200. Wengi mno wakisema giza na mmoja akisema nyekundu, huyo mmoja anatupwa. Chenga zinazobaki, zile zisizo na mahali maalumu, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: 200 huzipunguza mara 14 hivi.

Kwa hiyo mwenye mashine ghali ya kufuata nyota ana shida ambayo mimi mwenye stendi sina. Kwake nyota na kasoro hukaa pamoja usiku kucha, hivyo hana budi kusogeza kamera pikseli kadhaa kila baada ya picha chache. Yangu nayo ina adhabu yake. Anga huhama upande mmoja tu, na zile kasoro hafifu ambazo programu haikuzikamata huacha michirizi kama manyunyu ya upepo. Dawa ni kugeuza stendi kidogo, kaskazini au kusini, kila baada ya picha 20 au 30. Sikufanya hivyo, na michirizi ninayo.

Wengine watakushauri utumie picha za giza za siku nyingine. Kataa, labda kama joto lilikuwa sawa. Umeme unaovuja ndani ya kihisi huongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 6 hivi, na usiku wa Kasese si usiku wa Kabale kwenye baridi. Picha ya giza isiyolingana huongeza uchafu badala ya kuutoa.

Giza la pembeni lilinisumbua zaidi, maana lenyewe halihami. Tena kulitoa kwa kujumlisha mwanga ni kosa: pembe zimepokea sehemu tu ya mwanga wao, kwa hiyo ni lazima kugawanya. Nikazirudia picha zilezile 200, safari hii bila kuzilinganisha na nyota, nikaiambia programu ichukue thamani ya katikati kwa kila pikseli. Hakuna nyota iliyokaa mahali pamoja muda wa kutosha, zote zikafutika. Kilichobaki ni ramani ya vitu visivyohama: pembe nyeusi, vumbi, vitone vyekundu. Nikaitia ukungu ili vitone vipotee, nikatoa namba ya msingi ambayo kamera huiongeza kwenye kila pikseli (baadhi hutumia 512 au 2048), ndipo nikagawanya. Ramani hiyo hubeba pia mwanga wa anga lenyewe, kwa hiyo si sahihi kama fulana, lakini mwanga wa pembeni ulisawazika.

Ule ukungu ulimeza pia kivuli cha vumbi, na kwenye picha ya mwisho kuna pete ya kijivu chini ya Rigel, nyota nyingine ya Jabari. Fulana ingeiondoa, ila asubuhi ile lenzi nilikuwa nimeshaivua.