Takwimu za bunduki Marekani: kabla hujabishana, uliza wamehesabu nini

Wiki chache zilizopita shemeji yangu anayeishi Houston aliandika kwenye grupu la familia kwamba anafikiria kununua bastola ya kuweka nyumbani, mtaani kwao kuna watu wameingiliwa usiku. Haikupita nusu saa grupu likawaka moto. Mmoja akatupia picha imeandikwa bunduki ya nyumbani ni rahisi mara 43 kuua mtu wa ndani kuliko kuua mwizi, mwingine akajibu na video kwamba Wamarekani milioni 2.5 wanajiokoa kwa bunduki kila mwaka, na kwa kuwa mimi kazi yangu ni kufundisha takwimu za afya chuoni, wakaniita niseme nani muongo.

Kiukweli hakuna aliyetunga. Namba zote mbili zimetoka kwenye tafiti zilizochapishwa, na hapo ndipo wengi wanakwama, wanadhani namba ikishakuwa na chanzo basi imeshapita mtihani.

Tuanze na ile 43. Ni ya watafiti Arthur Kellermann na Donald Reay, 1986, walichunguza vifo vya bunduki kwenye kaunti ya King, ule mkoa wenye jiji la Seattle. Kwa kila kifo kimoja cha mtu aliyepigwa risasi katika kujihami, bunduki za majumbani zilihusika kwenye vifo 1.3 vya ajali, 4.6 vya mauaji ya jinai na 37 vya watu kujiua. Jumlisha hapo, unapata hiyo 43. Sasa rudi kwenye ile picha ya grupu, mtu akiisoma anamuona baba anampiga risasi mwanawe gizani akidhani ni mwizi, wakati 37 kati ya 43 ni watu waliojiua! Halafu upande wa kujihami kilichohesabiwa ni mwizi aliyekufa tu, yule aliyeona bastola akaruka ukuta akakimbia hayumo kabisa. Hesabu ni sahihi, maelezo yaliyobandikwa juu yake ndio yanapotosha.

Ile milioni 2.5 ni ya watafiti Gary Kleck na Marc Gertz, ilichapishwa 1995, na hii naomba twende nayo taratibu maana ndio somo lenyewe. Waliwapigia simu watu kama 5,000 wakawauliza kama wametumia bunduki kujihami. Waliosema ndio, tena ndani ya mwaka mmoja kabla ya simu, ni kama asilimia 1.3, yaani kwenye hao elfu tano ni watu 66 hivi. Watu wazima Marekani wakati ule walikuwa karibu milioni 190, kwa hiyo kila mtu mmoja kwenye simu anasimama badala ya watu 38,000. Sasa chukulia kati ya hao 66, watu 30 tu wamekosea, mwingine tukio lilikuwa la miaka mitatu nyuma ila anaona kama juzi, mwingine kaongeza chumvi, hapo hapo umepoteza zaidi ya milioni moja. Na kosa halijisawazishi, kwa sababu wanaoweza kusema ndio kwa makosa ni watu zaidi ya 4,900, ila wanaoweza kusema hapana kwa makosa ni wachache sana. David Hemenway, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alililalamikia sana hili, na ni kweli kwa jambo lolote linalotokea kwa nadra, sio bunduki tu.

Dodoso la serikali yao la waathirika wa uhalifu linatoa namba ndogo mno, kwenye elfu 60 mpaka laki moja na kidogo kwa mwaka. Nalo lina tatizo lake, linamuuliza kuhusu kujihami mtu aliyeshasema alifanyiwa uhalifu tu, na mwenye silaha isiyo na vibali hawezi kumwambia ofisa wa serikali kila kitu. Mimi naegemea namba ya chini, lakini nikiona mtu anaitaja yoyote kati ya hizi kama vile imepimwa kwa rula najua hajasoma walivyouliza.

Kuna namba nyingine zinavunjikia kwenye maana ya neno. Chukua mashambulizi ya risasi ya halaiki kwa mwaka 2021: Gun Violence Archive, shirika linalokusanya taarifa za matukio ya bunduki, wana karibu 690, FBI, shirika la upelelezi la serikali, wana 61, jarida la Mother Jones wana 6. Hakuna aliyedanganya. Wa kwanza wanahesabu popote walipopigwa risasi watu wanne au zaidi hata kama hakuna aliyekufa, FBI wanahesabu mtu anayeua au kujaribu kuua watu mahali penye watu, na Mother Jones wanataka wafe angalau watatu, hadharani, tena isiwe mambo ya magenge wala ujambazi. Sasa mwanasiasa anachagua inayomfaa, na anayemjibu anachagua yake.

Na usidhani namba ya serikali iko salama. Idara ya Elimu ya Marekani ilitoa ripoti kwamba mwaka wa masomo 2015-16 shule karibu 240 zilikuwa na tukio la risasi. Waandishi wa redio ya NPR wakazitafuta shule zenyewe moja moja, wakaweza kuthibitisha matukio 11 tu. Jiji la Cleveland walionekana wana shule 37 za namna hiyo, kumbe ile 37 ilitakiwa iandikwe mstari mwingine wa fomu, wa kukutwa na kisu au bunduki. Kosa la mstari mmoja, ofisini kwa mtu aliyechoka labda, likaingia kwenye mjadala wa nchi nzima.

Jiji la Chicago nalo, kila siku linatajwa kama mfano wa mauaji. Mwaka 2020 ilikuwa na mauaji zaidi ya 760, jiji la St. Louis zaidi ya 260. Ila Chicago ina watu milioni 2.7 na St. Louis laki tatu tu, ukigawa, St. Louis ni kama mara tatu kwa kila watu 100,000.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 Marekani kwa vyeti vya kifo vinavyokusanywa na CDC, taasisi ya serikali ya afya ya jamii, na 27,300 kati yao walijiua. Mauaji yalikuwa 17,927. Upande mmoja unatangaza jumla yote huku unaonyesha picha za majambazi, upande mwingine unasema toa wa kujiua hao hawahusiki, kana kwamba hao sio watu waliokufa. Wanahusika sana, maana wanaojaribu kujiua kwa bunduki karibu tisa kati ya kumi wanakufa, kwa njia nyingine nyingi wengi wanaokolewa na wanaendelea kuishi.

Kwa hiyo shemeji sikumjibu kwenye grupu, nilimpigia. Habari ya 43 na milioni 2.5 nikaiacha, nikamuuliza nyumbani mko wangapi sasa hivi, na kuna yeyote kati yenu anapitia kipindi kigumu? Akakaa kimya kidogo, halafu akaanza kunieleza habari za kijana wake wa miaka 17, tukaongea saa nzima, bastola hatukuitaja tena.