Bango halijui nani atashinda

Bango la mbio za magari huchapishwa kabla ya mbio zenyewe. Mimi hushika hilo kwanza kila ninapofungua karatasi ya zamani mezani. Mchoraji alikuwa na tarehe, jina la mji na kazi moja tu: kumsimamisha mpita njia. Mshindi alikuwa bado hajulikani.

Mabango ninayoyapenda kuliko yote ni ya Monaco ya miaka ya 1930. Mbio hizo zilianzishwa na Antony Noghès, zikakimbizwa mara ya kwanza tarehe 14 Aprili 1929, mizunguko 100 katika mitaa ya mji na kando ya bandari. Robert Falcucci alichora mabango ya 1930, 1931 na 1932. Baada yake akaja Georges Hamel, anayejulikana zaidi kwa saini yake, Géo Ham, ambaye pia alikuwa akilichorea jarida la L'Illustration.

Ukitaka kuyasoma vizuri, anza na rangi. Siku hizo gari lilivaa rangi ya taifa: Ufaransa buluu, Italia nyekundu, Uingereza kijani, Ujerumani nyeupe. Ndiyo maana mwaka 1932 Mjerumani Rudolf Caracciola alikimbia Monaco na Alfa Romeo nyeupe, gari la Kiitaliano lililovaa rangi ya kwao. Alimaliza nyuma ya Tazio Nuvolari kwa chini ya sekunde 3.

Bango la 1931 nalo limebeba uzito ambao Falcucci asingeweza kuuchora. Mwaka huo alishinda Louis Chiron, mzaliwa wa Monaco, akiwa na Bugatti. Wenyeji wakangoja hadi 2024, aliposhinda Charles Leclerc, ndipo wakamwona tena mtoto wa nyumbani akishinda.

Lakini kwangu mimi, mwaka ni 1933. Kwa mara ya kwanza hapo Monaco, nafasi za kuanzia zilipangwa kwa muda wa mazoezi badala ya kura ya bahati nasibu. Achille Varzi alikuwa na Bugatti, Nuvolari na Alfa Romeo, na wawili hao wakanyang'anyana uongozi tangu mwanzo hadi mzunguko wa mwisho. Hapo injini ya Nuvolari ikamsaliti. Moshi ukatanda, naye akashuka, akaanza kulisukuma gari kwa mikono. Varzi alikwisha kupita. Ninapolitazama bango la Ham la mwaka ule, namwona yule mtu mwembamba akisukuma, ingawa karatasi ilitoka kiwandani kabla ya siku hiyo.

Sasa, utajuaje kama ulichonacho ni cha kweli? Mabango haya yalichapwa kwa litografia: picha inachorwa kwa mafuta juu ya jiwe au bati la zinki, maji yanaikataza wino isishike penginepo, na kila rangi ina jiwe au bati lake. Chukua lenzi inayokuza mara 10, uiweke palipo na kivuli, tuseme chini ya gurudumu. Kwenye litografia utaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wa chokaa, na rangi iliyolala bapa. Kwenye nakala ya kisasa utaona vidoti vidogo vya rangi nne vilivyojipanga safu kwa safu.

Niliwahi kununua bango kwa muuzaji mmoja, likiwa tayari kwenye fremu, kioo kimefungwa. Nilipolitoa nyumbani, vidoti vilikuwa vimejaa hadi kwenye herufi. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sinunui kilichofungwa. Fremu itolewe mbele yangu.

Mikunjo isikutishe: mabango mengi yalikunjwa ili yatumwe, na mtaalamu akilibandika juu ya kitambaa cha kitani kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, mikunjo hutulia na kazi hiyo inaweza kutenguliwa baadaye. Ninachokiogopa ni mkasi. Watu hukata pambizo ili bango liingie kwenye fremu waliyonayo, na mara nyingi jina la mchapaji lilikuwa pale pale, kwa herufi ndogo, kwenye ukingo wa chini.