Kipimo cha kometi: seli ikiota mkia

Ukifuatilia habari za moshi wa magari na kansa lazima utakutana na hiki kitu kinaitwa kipimo cha kometi, na wengi wanadhani ni mambo ya anga. Hapana bwana. Ni njia ya kuangalia kama DNA ndani ya seli ya mtu imekatika, na jina limetokana na kinachoonekana kwenye hadubini, seli inafanana kabisa na ile nyota yenye mkia.

Inafanyika hivi. Unachukua damu kidogo, unazitaka seli nyeupe maana nyekundu hazina DNA, unazichanganya na jeli ya agarosi ikiwa vuguvugu (inatokana na mwani, ila sio huu wanaolima kina mama wa Zanzibar, ni jamii nyingine), unamwaga kwenye kioo inaganda. Kisha unakitumbukiza kwenye maji ya chumvi kali na sabuni, seli inayeyuka yote inabaki DNA tu imejisokota kama bonge la uzi, na huo uzi ukiunyoosha ni kama mita 2, kwa seli moja! Baada ya hapo unaloweka kwenye dawa ya alkali, unapitisha umeme. DNA ina chaji hasi kwa hiyo inavutwa upande wa chanya, ila uzi mzima haubanduki, ni ule uliokatika ndio unalegea na kuburutwa. Ukipaka rangi ya kung'aa unaona kichwa na mkia, kompyuta inapiga asilimia ya DNA iliyoko mkiani. Seli isiyo na shida ni duara tu. Watafiti Östling na Johanson walianza nayo 1984, Singh na wenzake wakaweka alkali 1988.

Moshi unaingiaje? Vumbi la PM2.5 (chembe ndogo sana za mikroni 2.5 kushuka chini) linafika ndani kabisa ya mapafu likiwa limebeba vitu kama benzopireni, kemikali inayotokana na kuungua, mwili ukijaribu kuivunja inageuka kitu kinachong'ang'ania DNA. Shirika la utafiti wa kansa la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya kansa 2012, hewa chafu ya nje ikafuata 2013.

Sasa hapa ndipo watu wanachemka: mkia sio kansa. Seli inajishona yenyewe, mikato mingi inafungwa ndani ya masaa, ndio maana damu inawekwa kwenye baridi haraka, na gizani ili mwanga usiongeze mikato. Halafu sigara nayo inaleta mkia, jua pia, hata mazoezi makali. Kwa hiyo mtu mmoja huwezi kumwambia "hii ni foleni ya magari ya Ubungo, Dar, imekufanya", unalinganisha makundi, trafiki na wa ofisini, umri sawa, sigara sawa. Copenhagen walilinganisha madereva wa basi, wa katikati ya jiji wakakutwa na mabaki mengi zaidi ya DNA iliyochakaa kuliko wa nje ya mji, ingawa pale walipima mkojo sio kometi.

Ukitaka alama inayokaa muda mrefu zaidi kuna mikronuklia, vipande vya kromosomu vilivyoachwa nje ya kiini seli ilipogawanyika. Hiyo hata sindano haihitaji, wanakwangua shavu kwa ndani na kibrashi.