Mpingo ulikuja na mteja

Nikiwa na mgeni katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, nalijua swali lake kabla hajafungua mdomo: "Huu ni mpingo kweli?" Kazi yangu ni kutambua mbao, kwa hiyo nakipindua kinyago, natazama kitako ambako fundi hakuhangaika kung'arisha, kisha nakwaruza kwa ukucha. Mpingo ni mzito mno. Utie kwenye beseni la maji, unazama. Weusi wake una uzambarau ndani, na mara nyingi pembeni pamebaki utepe wa manjano, yaani mti wa nje ambao bado haujawa kiini. Mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu hukuachia weusi kidoleni na harufu puani. Mgeni akigundua kuwa moyo wake umeangukia kinyago cha dawa ya viatu, hukirudisha mezani kama aliyeshikwa na mali ya wizi.

Hapo ndipo huwa tunaanza kubishana.

Maana anaamini, kama wengi wetu, kwamba Mmakonde na mpingo walizaliwa siku moja. Sivyo. Wamakonde wamechonga tangu zamani, huku na huku ya Mto Ruvuma, lakini kazi yenye heshima kubwa ilikuwa vinyago vya kuvaa katika ngoma ya mapiko, vijana wanapotoka jandoni. Mchezaji hukivaa kichwani na kuruka nacho. Nani aruke na gogo la mpingo shingoni? Kilichongwa kwa mti laini na mwepesi, kwa sababu kazi ilitaka hivyo. Mpingo ulishika kasi baadaye, Wamakonde wengi walipovuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi Tanganyika, hasa kwenye mashamba ya mkonge, wakakuta wageni wenye pesa wanaotaka kitu kizito, cheusi, kinachong'aa, cha kuweka sebuleni. Miaka ya 1950 ndipo vilipotokea vinyago vya shetani, vile vya viungo vilivyopindapinda, ambavyo mwanzo wake huhusishwa na mchongaji Mmakonde, Samaki Likankoa.

Na msitu wenyewe ulichangia umbo hilo, au ndivyo ninavyoamini baada ya miaka ya kushika magogo. Mpingo hausimami kama mnazi. Hugawanyika chini, hujipinda, na mara nyingi moto na uozo huwa vimeula ndani ukabaki na uwazi. Mwenye kiwanda cha mbao za klarineti na oboe anatafuta kipande kilichonyooka kisicho na ufa hata wa unywele, ndiyo maana sehemu kubwa ya gogo lake huishia kuwa taka. Mchongaji anaanzia pale mwenzake alipotupa. Siku moja nilimwonyesha mzee mmoja gogo lenye tundu, nikamwambia kwa ujuzi wangu wa vitabuni kwamba ni bovu. Akacheka. "Mwalimu, hilo tundu ndilo mdomo wake." Wiki iliyofuata lilikuwa mdomo kweli, na meno juu.

Tatizo ni muda. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa kwa mbao, na tangu 2017 jamii nzima ya Dalbergia, ukiwamo mpingo, imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kila ikitajwa habari hii, lawama humwangukia mchongaji. Mimi nasema tumwulize mnunuzi kwanza, kwani ndiye aliyeuchagua mti huu.

Wakenya wamekwisha kupita njia hii. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge, Mkamba wa kijiji cha Wamunyu, alikuwa Tanganyika, akarudi Ukambani na ufundi wa kuchonga alioupata kwa Wazaramo. Kutoka kwake kazi ikaenea hadi Mombasa, ikala mpingo na muhuhu. Muhuhu nao hukua polepole, na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kibundi wake mdogo asiyeonekana kwingi duniani, ulijua maumivu ya tezo hizo. Miti ilipoadimika, mafundi wa ushirika wa Wakamba pale Changamwe walianza kugeukia mwarobaini. Huu ni mgeni kutoka Bara Hindi, umejaa mashambani pwani nzima, na hufikia unene wa kuchongwa ndani ya miaka ishirini hivi.

Usidhani ni kubadilisha gogo tu. Mwarobaini ukikaushwa kwa pupa hupasuka. Mwembe, mbadala mwingine, usipotibiwa mapema, wadudu huubungua mpaka mnunuzi wa Ulaya akute unga chini ya twiga wake. Patasi iliyozoea mpingo hupita kasi mno kwenye mti laini na kung'oa sikio la tembo. Fundi hujifunza mkono upya, kisha mteja anamlipa pungufu kwa sababu mti "si wenyewe".

Kusini, Kilwa, wameshika upande mwingine: kuubakiza mpingo wenyewe. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha kuthibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, na wanakijiji wakawa wanauza magogo yao kwa mpango, kwa bei inayoonekana. Adui wao mkubwa ni moto wa mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Huo huingia hadi kwenye kiini. Dawa yake ni kuchoma mapema, nyasi zingali na ubichi, moto upite chini chini. Kadiri misimu ya mvua inavyozidi kuyumba, kulijua hilo juma la kuchoma kunazidi kuwa kugumu. Hayo matundu ninayoletewa Mwenge, mengi yana historia ya moto ndani yake.

Kwangu nyumbani nina twiga wa mwarobaini kutoka Mombasa. Nilimweka dirishani, penye jua la mchana, akapasuka kuanzia shingoni hadi begani. Kosa langu mwenyewe, na mimi ndiye mtaalamu. Nimeuziba ufa kwa gundi na unga wa mbao. Wageni wakiniuliza ni mti gani, nawaambia wanuse.