Zanzibar Ilifungwa, na Waliorudi Si Wale Walioondoka

Nimeisikia tena wiki iliyopita, kwenye kikao cha wadau wa utalii, na aliyeisema ni mtu anayepaswa kujua: "Zanzibar haikufunga wakati wa korona, ndiyo maana utalii wake uliinuka mapema." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, mada ikaendelea. Mimi kazi yangu ni uendeshaji: kupokea wageni uwanjani, kugawa vyumba, kupanga magari na waongozaji, kudaiana na mawakala wa ng'ambo. Nilikuwa kwenye kazi hii kabla ya Machi 2020 na bado nipo. Zanzibar ilifungwa. Na hilo "ndiyo maana" lina kosa kubwa kuliko lile la mwanzo.

Tarehe kwanza, kwa haraka. Mapema Machi 2020 Zanzibar ilizuia ndege za kukodi kutoka Italia. Tarehe 16 Machi Tanzania ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, Arusha, na siku mbili baadaye akatangazwa wa Zanzibar, mtalii Mjerumani. Chata zote za watalii, yaani ndege za kukodi, zikasimamishwa. Skuli zikafungwa. Anayeingia nchini akatakiwa akae karantini siku 14 kwa gharama zake. Aprili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikasimamisha ndege zote za abiria za kimataifa. Tarehe 18 Mei anga ikafunguliwa na karantini ya lazima ikaondolewa, kisha Zanzibar ikatangaza kupokea watalii tena kuanzia 6 Juni. Hesabu mwenyewe kutoka chata ziliposimamishwa: ni zaidi ya miezi miwili ambayo uwanja wa Abeid Amani Karume haukuwa na mgeni wa kumpokea.

Kwa nini basi watu wanang'ang'ania kwamba hatukufunga? Sababu ya kwanza ni kuchanganya mambo mawili. Tanzania haikuwafungia watu majumbani. Masoko yalikuwa wazi, misikiti na makanisa vilikuwa wazi, na Rais Magufuli alisema mara kwa mara kwamba kazi ziendelee. Dunia ikaona hayo ikaandika "Tanzania haikufunga", na Unguja ikabebwa humohumo. Lakini afya na utalii si mambo ya Muungano. Zanzibar ina wizara zake. Usafiri wa anga wa kimataifa na uhamiaji ni vya Muungano. Kwa hiyo mgeni mmoja anayeshuka Kisauni, ulipo uwanja wetu wa ndege, anapita kwenye maamuzi ya serikali mbili, na mwezi Machi Zanzibar iliamua kabla ya Bara kufunga anga. Kisiwa ambacho takriban asilimia 80 ya fedha zake za kigeni zinatokana na utalii hakihitaji polisi barabarani ili kifungwe. Ukisimamisha ndege umeshawafungia watu, wa Nungwi, wa Paje, wa Jambiani, hata kama milango ya nyumba zao iko wazi.

Sababu ya pili ni masika, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wachambuzi wengi wa mbali hawaijui. Aprili na Mei ni miezi ya mvua. Hoteli nyingi za pwani hufunga miezi hiyo hata mwaka wa neema: wanapaka rangi, wanaezua makuti, wanawapa watu likizo. Mtu anayetazama takwimu za Aprili na Mei akaona sifuri anasema, sawa, hiyo ni miezi mibaya siku zote, hasara yao ndogo. Si kweli. Masika ni miezi ya kutumia fedha ya msimu uliopita na advansi ya msimu unaokuja. Ndiyo miezi ambayo wakala wa Ujerumani au Uingereza anathibitisha vyumba vya Julai na Agosti na kutuma malipo ya kwanza. Mwaka ule, badala ya kupokea advansi, tulikuwa tunaombwa kuzirudisha. Na fedha yenyewe haikuwepo. Ilishalipa mishahara ya Februari, saruji na boti. Tukaanza kubembelezana: usighairi, ahirisha, chumba chako tutakitunza mwaka ujao kwa bei ileile. Waliokubali walitubeba. Waliokataa walikuwa na haki yao, na kuna hoteli ndogo zilizokufa kwa kulipa haki hiyo.

Wafanyakazi wengi walipewa likizo bila malipo. Waliotoka Bara wakarudi kwao. Wa hapa wakarudi kwenye bahari na mashamba. Mwani ukapata mikono mipya ufukweni, ya vijana ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa wanabeba trei.

Sasa takwimu, maana nazo hunikera zinavyosomwa. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni wapatao 538,000. Mwaka 2020 wakawa takriban 260,000. Watu husema: "Mmepoteza nusu tu, wengine walipoteza robo tatu." Hiyo nusu iliyobaki ilitoka wapi? Januari, Februari na siku za mwanzo za Machi zilikuwa za kawaida kabisa, hoteli zimejaa. Desemba nayo ilikuwa na watu wengi. Katikati hapo ni jangwa. Julai na Agosti, miezi ambayo familia za Ulaya ndizo zinazotulisha, tulikuwa na hoteli zilizofunguliwa, wapishi waliorudishwa, jenereta zinazokula dizeli, na wageni wachache sana. Mwaka ukiujumlisha unapata wastani unaoficha njaa ya miezi sita.

Turudi kwenye "ndiyo maana". Imani iliyopo ni kwamba ukifungua mlango wageni wanaingia. Miaka ile miwili ilionyesha wazi kwamba mlango wetu ulikuwa wa mwisho katika safu. Mgeni kwanza aruhusiwe na serikali yake kutoka. Kisha ndege iwepo. Kisha bima yake imkubali, maana serikali ya Uingereza ikishashauri watu wasisafiri kwenda nchi fulani, bima nyingi za kawaida huacha kumlinda anayekwenda. Kisha arudi kwao bila kufungiwa hotelini siku kumi. Baada ya hayo yote ndipo linakuja swali kama Zanzibar iko wazi.

Chukua Waitaliano. Kiwengwa imejengwa juu yao. Kuna vijana wa pale wanaozungumza Kiitaliano vizuri kuliko Kiingereza. Sisi tulifungua Juni 2020. Italia iliendelea kuwazuia raia wake kwenda matembezi ya mbali nje ya Ulaya, na ilipolegeza mwishoni mwa Septemba 2021 ilitoa orodha fupi ya nchi ambazo safari za vikundi ziliruhusiwa: Maldives, Mauritius, Shelisheli, Aruba, Jamhuri ya Dominika na sehemu za Misri. Zanzibar haikuwemo. Kwa soko letu hilo kuu, tulikuwa wazi kwa zaidi ya mwaka mbele ya mlango uliofungwa upande wa pili. Uingereza nayo ikapiga marufuku wasafiri kutoka Tanzania mwezi Januari 2021, na tukakaa kwenye orodha nyekundu mpaka Oktoba. Hata jirani yetu: Kenya ilipofungua anga tarehe 1 Agosti 2020, Tanzania haikuwemo kwenye orodha yake ya nchi za kuruhusiwa. Tanzania ikajibu kwa kuzuia Kenya Airways, na mgogoro huo haukuisha mpaka Septemba. Mgeni aliyezoea kuunganisha Maasai Mara na Unguja kupitia Nairobi alikatika hapo katikati.

Nani alikuja, basi? Warusi. Urusi ilipoanza kufungua safari za nje tarehe 1 Agosti 2020, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza, pamoja na Uturuki na Uingereza. Hilo halikuwa tunda la mpango wetu wa masoko. Nimewasikia watu wakilidai, waache. Ulikuwa uamuzi wa Moscow. Sifa yetu ni kwamba tulikuwa wazi walipoamua. Ndege za kukodi zikaanza kumimina watu, pamoja na za Waukraine na Wapoland, na msimu wa mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 Nungwi na Kendwa zilikuwa zimejaa.

Kufungua, kama tulivyokuwa tukikufanya kila siku, kulikuwa na sura nyingine kabisa na ile ya matangazo. Kuingia kulikuwa rahisi: kupimwa joto, kujaza fomu ya afya, karibu. Kazi ilikuwa kumtoa mgeni. Nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege yalitaka cheti cha PCR, kipimo cha korona cha maabara, kisichozidi saa 72, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa sampuli inapochukuliwa, si cheti kinapotoka. Mgeni yuko Michamvi, kupimwa ni mjini, majibu yanataka muda, ndege inaondoka usiku, na anaunganisha Doha au Addis Ababa. Ukimpeleka mapema, cheti kinakufa akiwa njiani. Ukimchelewesha, ndege inaondoka bila yeye. Ratiba zetu zote, mashamba ya viungo, pomboo wa Kizimkazi, msitu wa Jozani, zilipangwa upya kuzunguka siku ya kipimo. Na majibu yakitoka na virusi, unakuwa na familia ya watu wanne inayohitaji vyumba vya ziada hotelini ambako kesho wanakuja wengine. Nani analipa? Hakuna mkataba wetu uliokuwa na kipengele hicho. Tulikiandika baadaye.

Mgeni naye alikuwa tofauti, na hili ndilo ninalotaka hasa lieleweke. Wengi walikuja kwa kifurushi cha kila kitu ndani, kilicholipwa kwao, kwa bei ambayo hoteli ilikubali kwa sababu ilikuwa na njaa. Chakula hotelini, kinywaji hotelini. Wapo waliotembea na kununua, na wapo waliohamia kijijini wakapanga nyumba Paje kwa miezi, hao waliwasaidia wenye nyumba kweli. Lakini mwongozaji wa Mji Mkongwe mwenye Kiitaliano na Kijerumani safi alikaa nyumbani huku uwanja wa ndege umejaa, kwa sababu hana Kirusi. Muuza vinyago wa Kiwengwa alikaa nyumbani. Takwimu inasema wageni wamerudi; yeye hakurudi kazini. Ndiyo maana nasema waliorudi si wale walioondoka, kwa pande zote mbili za kaunta.

Tukaona pia hatari ya kuegemea nguzo moja. Tarehe 15 Aprili 2021 Urusi ikasimamisha ndege zake za Tanzania, masika yakiwa ndiyo yanaingia. Februari 2022 ikaivamia Ukraine, na mamia ya Waukraine wakakwama hapa visiwani, kadi zao za benki hazifanyi kazi, hawana pa kurudi. Hoteli kadhaa ziliwaweka na kuwalisha. Hilo ni jambo la heshima na sijaliona likitajwa kwenye vikao vyetu.

Mwaka 2021 tulimaliza na wageni wapatao 394,000, na 2022 karibu 548,000, juu kidogo ya 2019. Huo ndio mwaka ambao mimi nauita wa kurudi. Unaangukia baada ya Rais Samia kubadili msimamo wa nchi: masharti ya vipimo kwa wanaoingia yakakazwa Mei 2021, chanjo ya kwanza ya Johnson & Johnson ikafika Julai, na Machi 2022 waliochanjwa wakaondolewa sharti la kipimo. Unaangukia pia baada ya Ulaya kufungua. Siwezi kutenganisha sehemu ya lipi ni ipi, na simwamini anayesema anaweza.

Kuna jambo ambalo ni gumu zaidi kwangu. Kuanzia mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za maambukizi. Idadi ikasimama kwenye 509. Juni tukaambiwa nchi haina korona. Sisi tuliokuwa ufukweni tulifungua kwa misingi hiyo. Kuanzia 6 Juni 2020 mpaka chanjo zinafika ni miezi 13 ya watu wetu kuhudumia wageni kutoka kila bara bila kinga ya chanjo. Wahudumu walivaa barakoa. Wageni wengi hawakuvaa, na baadhi walikuja hapa hasa ili wasivae. Februari 2021 tulimzika Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana korona. Hoteli za kaskazini zilikuwa na wageni wiki hiyo. Mazishi ya watu wasio na vyeo yalikuwa mengi kipindi kile, na hayamo kwenye jedwali lolote ambalo ningeweza kukuonyesha.

Shelisheli walianza kuchanja watu wao Januari 2021, ndipo wakawafungulia wageni wote Machi. Mauritius walikaa karibu wamefunga mpaka Oktoba 2021. Wao walikuwa na hazina ya kuwalipa watu wakae. Sisi hatukuwa nayo, na mpishi wangu asiye na mshahara tangu Machi alinipigia kila wiki kuniuliza tunafungua lini. Nikiulizwa kama 6 Juni ilikuwa tarehe sahihi, namfikiria yeye, na jibu langu ni ndiyo. Nikifikiria kwamba alirudi jikoni bila mtu yeyote kumweleza ukubwa wa hatari, kwa sababu hapakuwa na hesabu ya kumweleza, nashindwa kulitetea jibu hilo. Wanaotusifu kwa "kutofunga" hawajawahi kuniuliza hilo la pili.