Mchicha wa Masika na Dawa ya Kisukari

Kila masika, mboga za majani zinapojaa sokoni na fungu la mchicha kushuka bei, tunawapokea tena kliniki wagonjwa wa kisukari walioacha dawa wakategemea mboga. Maswali yao ni haya.

Mboga zenye wanga kidogo ni zipi?
Ni mchicha, mnavu, mgagani, majani ya maboga, kabichi, bilinganya na bamia. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina takriban gramu 4 za wanga. Magimbi na ndizi za kupika havimo, hata vikiungwa pamoja na majani.

Nizipikeje ziwe nyepesi?
Osha majani kabla ya kuyakata, kwa kuwa vitamini C huyeyuka katika maji. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ambacho peke yake kina kalori zipatazo 120, kisha tia majani, funika dakika tano, epua na ukamulie ndimu. Kisamvu hakimo katika kanuni hii, kwani kina sumu ya sianidi na ni lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu. Magadi yaacheni: huharibu vitamini na yana sodiamu isiyomfaa mwenye shinikizo la damu, jambo ambalo tumelisema hadi tumechoka.

Nikila mboga hizi kila siku, naweza kuacha dawa?
Hapana. Mboga husaidia sukari isipande kwa kasi baada ya mlo, lakini haichukui nafasi ya insulini wala ya vidonge. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922, watoto wenye kisukari walilishwa mlo wa wanga kidogo mno, karibu na njaa yenyewe, na bado walikufa.

Lakini wiki iliyopita sukari yangu ilikuwa sawa.
Ilikuwa sawa kwa sababu ulikuwa unameza dawa. Jibu bado ni hapana.

Nikipunguza sana ugali, niendelee na dozi ileile?
Njoo kwanza kliniki dozi ipitiwe upya. Anayejidunga insulini au kumeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, kisha akala mchicha mtupu, sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari na apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, bali akimbizwe hospitali.

Nimeacha dawa na sasa natapika. Nisubiri kwa muda gani?
Usisubiri hata kidogo. Mwenye kisukari anayetapika, anayepumua haraka na kwa kina, au anayesinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa maana wanaoletwa baada ya siku tatu za kunyweshwa maji ya majani yaliyochemshwa mara nyingi hufika hawajitambui. Waliomleta waje na dawa zake zote, pamoja na zile pakiti ambazo hazikufunguliwa.